Mvua ikianza, kwa nini wanasarakasi husimamisha onyesho?

Msikilizaji, huenda yamewahi kukukuta: umelipa kiingilio, umepata nafasi mbele, vijana wamepandana watu watatu kwenda juu, mara upepo unavuma na matone yanaanza kudondoka. Wanashuka. Mshereheshaji anatangaza kwamba onyesho limesimama, na hapo kelele zinaanza: "Rudisheni hela zetu!"

Tulishuhudia hali hiyo hivi karibuni kwenye uwanja wa shule moja huku Kanda ya Ziwa. Baadhi ya watazamaji waligoma kuondoka, wengine wakakimbilia chini ya mwembe. Hakuna aliyeumia, lakini makundi yote mawili yalikuwa hatarini.

Tuanze na wachezaji. Kijana wa chini akibeba wenzake wawili wenye kilo 50 kila mmoja, ana kilo 100 mabegani. Wa juu wanasimama kwenye ngozi na nguo za wenzao, na vyote vikilowa vinateleza. Upepo ukimyumbisha wa juu kabisa, wa chini lazima asogeze mguu haraka ili mnara usianguke. Kwenye mkeka mkavu anaweza. Kwenye mkeka uliolowa mguu unakimbia. Kwa hiyo wakishuka mapema hawajakwepa kazi.

Sasa wewe mtazamaji. Hatari yako kubwa ni radi, na eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi Afrika. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Sauti ya ngurumo huchukua kama sekunde 3 kusafiri kilometa 1. Ukiisikia kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilometa 10: ondoka uwanjani. Usisubiri mvua ikufikie, kwa sababu radi hupiga hata mahali ambapo bado pakavu. Rudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Uende wapi? Ingia kwenye jengo lenye kuta, kama darasa, au ndani ya gari lenye paa la chuma na ufunge vioo. Mti, turubai na banda lisilo na kuta havikukingi. Kaa mbali na nguzo za chuma, spika na nyaya za jenereta.

Wengi hutuuliza kuhusu simu. Simu ya mkononi haivuti radi, wala nguo nyekundu haivuti. Hatari ni kuitumia ikiwa imechomekwa kwenye chaji ya umeme.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, hivyo usiogope kumgusa. Kama hapumui, mlaze chali na ugandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wenzako wakitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali.

Na hela ya kiingilio? Uliza kabla ya kulipa: mvua ikinyesha, tutarudishiwa au tutaingia siku nyingine kwa tiketi hiyo hiyo? Waandaaji nao, hasa msimu wa vuli na masika, wasikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) asubuhi ya onyesho, na wahakikishe funguo za madarasa ziko karibu kabla ya kufungulia watu geti.