Upepo wa Ziwa Hautoshi kwa Fundi wa Rangi

Fundi anayepuliza rangi ya gari uwanjani Mbita hutegemea upepo wa Ziwa Viktoria umwondolee ukungu wa rangi. Upepo huo hauaminiki. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Kati ya zamu hizo hewa hutulia, na ukungu humbakia fundi usoni. Isitoshe, kuna wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi. Wakinasa kwenye klia mbichi, yaani tabaka la juu linalong'arisha rangi, itabidi ikauke, ipigwe msasa, ipulizwe upya.

Dawa ni chumba chenye filta, feni, na hewa iliyopimwa. Mwendo uliozoeleka ni takribani mita 0.5 kwa sekunde. Ukipungua, ukungu hukaa. Ukizidi sana, rangi hukauka kabla haijatandazika. Chukua chumba chenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, hewa ikiingia mbele na kutokea nyuma. Eneo ni mita za mraba 12. Zidisha kwa 0.5, unahitaji mita za ujazo 6 kila sekunde. Feni ya nyumbani haifiki hapo kabisa. Hewa ikishuka kutoka darini, na chumba kina urefu wa mita 7, hitaji ni 4 × 7 × 0.5, yaani mita za ujazo 14 kila sekunde. Kwa gereji ndogo, hewa ya mlalo ndiyo inayowezekana.

Kupima mwendo wa hewa kunataka anemomita ya mkononi tu. Chumba kikiwa kitupu na feni inazunguka, gawa eneo la upana kwa kimo sehemu tisa sawa, nyoosha mkono ili mwili usizuie hewa, uandike kila namba. Usiridhike na wastani: pembe inayosoma 0.1 ndipo ukungu utakapozunguka. Kabla ya kugusa feni, kagua filta. Ya kutolea ikiziba, ukungu husukumwa nje kupitia nyufa za mlango hadi kwa majirani. Ya kuingizia ikiziba, vumbi na wadudu hufyonzwa ndani kupitia nyufa zizo hizo. Zikiwa safi, rekebisha hewa inayoingia izidi kidogo tu inayotoka. Uzi mwepesi ukitundikwa penye ufa utaelekea nje polepole.

Hadena (vigumishi) nyingi za rangi za magari zina isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia fundi pumu ya kudumu, na pua haimwonyi mapema. Hata ndani ya chumba kizuri anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kitambaa hakizuii kitu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Wenye gereji, nunueni anemomita kabla ya bunduki ya pili ya rangi.