Kifua kinapokataliwa fidia

Mguu uliovunjwa na jiwe mgodini una tarehe na mashahidi. Kifua hakina. Silikosisi, makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la mwamba, huweza kujitokeza miaka 10 au 20 baada ya mtu kulivuta, pengine akiwa amekwisha rudi kijijini kwao Segese kulima mpunga.

Tanzania Bara, madai ya aina hii hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Mdai ana miezi 12 tangu ugonjwa ugundulike. Akikataliwa, kwanza humwomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi wake. Asiporidhika hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kabla ya kupanda ngazi hizo, barua ya kukataliwa isomwe kwa makini, kwa kuwa kila sababu ina jibu lake.

Ikisema ugonjwa hautokani na kazi, kinachotakiwa ni historia: mtu alichoronga mwamba au alikaa ofisini, chini ya ardhi au juu, kwa miaka mingapi. Mkataba na hati za mshahara hujibu hayo. Vipimo vya afya vya kuajiriwa vikilinganishwa na vya kuondoka huonyesha mapafu yalivyoingia na yalivyotoka. Kuna mtego pia: silikosisi hurahisishia kifua kikuu njia, na cheti kikitaja kifua kikuu peke yake, vumbi halionekani. Eksirei ya kifua inafaa isomwe tena na daktari anayeyajua magonjwa ya kazini.

Ikiwa ugomvi ni asilimia ya ulemavu, mstari uko kwenye 30. Asiyeuvuka hulipwa kwa mkupuo. Aliyeuvuka hupata pensheni ya kila mwezi. Kati ya 28 na 32 pana maisha mawili tofauti, na hapo maoni ya daktari wa pili yana thamani.

Hayo yanamfaa aliyeajiriwa, mathalani katika mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa 2001. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, mambo ni mengine. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini ulikuta vumbi la silika mashimoni likizidi mara 300 kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH. Anayelivuta mara nyingi hana mkataba wala mshahara. Malipo yake ni mgawo wa viroba vya mawe vitakavyopelekwa karasha kusagwa. Bila mwajiri wa kumtaja, madai yake hukwama mlangoni, na hana hata barua ya kukatia rufaa.