Mti wa vifaa: Kwa nini maelezo ya maunzi hayafai kubeba amri za programu

SIMU za mkono zinazotumia Android huendeshwa na kiini cha Linux. Simu inapowashwa, kiini hicho hulazimika kujua vifaa vilivyomo ndani yake: kamera, betri, kipima joto na kadhalika.

Kifaa kinachochomekwa kwenye tarakilishi kwa waya wa USB hujitambulisha chenyewe. Vingi vilivyomo ndani ya simu havina uwezo huo. Ndiposa mtengenezaji huandaa faili iitwayo mti wa vifaa, inayotaja kila kifaa, anwani yake na jinsi kilivyounganishwa.

Zamani maelezo hayo yalichanganywa na msimbo wa kiini, kila bodi ikiwa na faili zake. Mnamo 2011, Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, alilalamikia vikali mvurugano huo katika msimbo wa chipu za ARM. Mti wa vifaa ukakumbatiwa kuwa suluhisho.

Hata hivyo, wahakiki wa msimbo hushikilia kanuni moja: mti ueleze maunzi, si programu. Ramani ya nyumba huonyesha mlango ulipo; haisemi utafungwa saa ngapi.

Chukua mfano wa betri. Kwamba haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2 ni sifa ya betri yenyewe, na huandikwa mtini. Lakini kukomesha chaji ifikapo asilimia 80 ni hiari ya mwenye simu. Msanidi anayejaribu kuupenyeza uamuzi huo mtini hurudishiwa kazi yake aisahihishe.

Je, ukali huo ni wa nini? Kwanza, mti huo huo huweza kusomwa na mifumo mingine, mathalani FreeBSD, isiyofungwa na maamuzi ya Linux. Pili, mti unaweza kukaa kifaani miaka mingi ilhali kiini kinabadilishwa. Amri iliyofaa jana huenda ikawa kizuizi kesho, na wasanidi hulazimika kuendelea kuiheshimu wasije wakavuruga vifaa vilivyokwisha kuuzwa.

Mpaka huu hauonekani wazi daima. Ipo hata sehemu ya mti iliyotengewa maagizo ya kuwashia mfumo. Penye shaka, swali hili husaidia: programu zote zikibadilishwa, je, maelezo haya yatabaki kuwa kweli? Yakibaki, mahali pake ni mtini. La sivyo, yaachiwe programu.