Shamba la Mlimani na Ushahidi wa Jirani

Leo tunaongea juu ya jambo linaloleta ugomvi mwingi katika miji midogo ya milima ya Kivu, toka Masisi hadi Kalehe: mtu amekimbia vita, mwingine amelima shamba lake, na mwenyewe amerudi.

Kule Goma mtu anaweza kukaa miaka pasipo kujua jina la jirani yake. Kwetu mlimani haiwezekani. Mtoto akishikwa na homa usiku, gari halipandi. Majirani wanne watabeba kipoyi mabegani, na wengine wanne watawapokea kilima kinachofuata. Kama siku zilizopita ulikataa kubeba mama mkwe wa mtu, watu wanakumbuka. Hawatasema neno, ila watachelewa kufungua mlango.

Na shamba lako liko vile vile. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Kuhusu udongo wa vijijini, ilisema Rais atatoa amri ya kuonyesha haki za wenyeji. Miaka zaidi ya 40 ikapita pasipo amri hiyo. Ndiyo sababu wengi wetu hatuna cheti. Cheti chetu ni mzee anayekumbuka mbuzi ambaye baba yako alitoa kwa mwami. Ni yule mama wa shamba la chini, anayejua mpaka unapita kwenye mti gani.

Vita vya 1993 vilivyoanzia sokoni Ntoto, huko Walikale, vikapanda Masisi, viliwatawanya watu hao. Vita vilivyofuata vikawatawanya tena. Basi anayemfukuza jirani wa kabila lingine anamfukuza shahidi wake mwenyewe. Kesho mkubwa mwenye pesa akija kusema kilima chote ni chake, nani atasimama kukusemea?

Tuseme umerudi, umekuta familia ya wakimbizi imepanda maharagwe. Usiyang'oe. Yanataka kama miezi mitatu tu, na ndani ya nyumba ile kuna watoto. Nenda kwa kapita pamoja na majirani wa pande zote, mtembee mpakani kwa miguu. Waiteni na wanawake, maana ndio wanaoshika jembe. Mara nyingi wanaume wanabishana juu ya mpaka ambao hawajaukanyaga. Aliyepanda avune, kisha aachie.

Na wewe uliyeazima shamba, usisahau uliazima. Katika Bushi na Buhavu wazee walitenga mambo mawili: kalinzi, mali unayotoa ili ukae na watoto wako warithi, na bwasa, shamba la muda. Mwenye bwasa hapandi migomba wala kahawa. Sababu yake ni wazi: maharagwe yanaisha, lakini mgomba unatoa machipukizi mwaka kwa mwaka, na mwenye shamba akiuona anajua unataka kubaki. Ukiupanda usiku, asubuhi umeanzisha vita.

Makapita, mtusamehe, tutasema wazi. Kuna wanaouza shamba la aliyekimbia, wakila pesa na kasiksi, wakisema huyo hatarudi. Anarudi. Asiporudi yeye, atarudi mtoto wake, naye atakuta mnunuzi amejenga. Kama mnawapa wageni mahali pa kulima, wapeni kwa msimu, mbele ya watu.

Andikeni pia. Karatasi ya daftari inatosha: jina la mwenye shamba, jina la mlimaji, mipaka, msimu wa kuanza na wa kuachia, na majina ya mashahidi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Moja ibaki kwa mwenye shamba, moja kwa mlimaji, moja kwa kapita. Na kama mwenyewe yuko kambini, mtumieni mtu amsomee kabla jembe halijaingia.