Moshi wa Mama, Ubongo wa Mtoto

Mwezi huu tunaongea jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: akina mama wanaovuta tumbaku wakiwa wajawazito. Wapo. Tunapanga nao foleni ya maji. Wengine walianza baada ya kukimbia vita, maana usiku usingizi hauji, na sigara moja inatuliza moyo kidogo. Hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Tunaandika kwa sababu anayelipa deni hilo ni mtoto, na anaweza kulilipa kwa miaka mingi.

Moshi unamfikiaje mtoto?

Mtoto tumboni havuti hewa kwa pua. Kila kitu anapata kwa damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mama akivuta sigara, vitu viwili vibaya vinapita njia hiyo hiyo.

Cha kwanza ni nikotini, ile inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Inabana mishipa ya damu, basi chakula na hewa vinapungua. Halafu inaingia kwenye ubongo wa mtoto wakati ndiyo kwanza unajengwa, na kuvuruga mpangilio wake.

Cha pili ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Hiyo inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Oksijeni inakosa nafasi, na mtoto anabanwa pumzi humo humo tumboni. Ndiyo maana watoto wengi wa mama wavutaji huzaliwa na uzito mdogo.

Akishakua je?

Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti walifuatilia familia tangu mimba. Watoto walipofika miaka 6 hadi 8, walipigwa picha za ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Watoto ambao mama zao walivuta mimba nzima walikuwa na ubongo mdogo kidogo, na tabaka lake la juu lilikuwa jembamba sehemu fulani. Pia walionekana zaidi kuwa na huzuni na wasiwasi.

Lakini sikilizeni hili, akina mama: wale ambao mama zao waliacha mara tu walipojua wana mimba, tofauti hiyo haikuonekana kwao. Kumbe kuacha mapema kunasaidia!

Utafiti mwingine umeona watoto wa wavutaji wakisumbuka zaidi kutulia darasani. Hapo tusikimbilie kumlaumu mama. Shida za familia na urithi navyo vinachangia.

Mtu atasema, "Bibi yangu alivuta kiko, akazaa watoto wanane, wote wazima." Inawezekana. Hata mto uliofurika kuna waliouvuka salama. Je, wewe ungemtuma mwanao auvuke?

Tufanye nini?

- Usihamie kwenye ugoro au tumbaku ya kutafuna. Nikotini imo humo pia.
- Ukiacha, siku chache za kwanza ndizo ngumu: hasira, kichwa kuuma, hamu. Baada ya wiki chache hupungua. Kunywa maji, tembea, kaa na wenzako.
- Kama umeshafika miezi mitano au sita, usiseme "nimechelewa". Kila siku bila moshi, mtoto anapata hewa zaidi.
- Kliniki ya wajawazito, mwambie mkunga ukweli. Mwambie pia kama moyo ni mzito. Hilo nalo ni ugonjwa wa kusaidiwa.
- Akina baba, msijifiche hapa! Moshi wako ndani ya chumba kimoja mama anauvuta pia. Toka nje, mbali na mlango. Afadhali zaidi, acheni wote wawili.

Tulikimbia tukaacha mashamba, nyumba na ng'ombe. Kichwa cha mtoto ndiyo mali atakayotembea nayo popote, tukirudi nyumbani au tukienda mbali. Tukilinde kabla hajazaliwa.

Tuonane mwezi ujao.