Ng'ombe Wameshauzwa, Nani Atathubutu Kusema Anaumwa?

Begi huwa limejaa kabla mwenye safari hajaulizwa anataka kubeba nini. Kijana wa Bugwema, Musoma Vijijini, akipata chuo nje ya nchi, safari inakuwa ya ukoo mzima. Mama mkubwa analeta dagaa wakavu, wameshindiliwa kwenye kopo la maziwa ya unga na kuzungushiwa selotepu hadi kifuniko hakionekani. Bibi ana unga wa muhogo. Shangazi aliyepitia mitumba ya Musoma mjini analeta koti zito, la kike, limepungukiwa vifungo viwili, lakini koti ni koti. Mfuko wa pembeni unatiwa Panadol, dozi moja ya dawa mseto na kikopo cha Viksi. Hapo watu wanapumua. Upande wa afya, mtoto amejiandaa.

Kisha kinakaa kikao. Michango inasomwa, ng'ombe waliouzwa mnadani wanatajwa kwa rangi zao, mzee mmoja anasimama kuomba, na maneno ya mwisho huwa yale yale: usituangushe.

Ni maneno ya upendo, na ndiyo yanayoanza kuleta shida. Kijana aliyesafirishwa kwa ng'ombe wa baba na fedha za kikoba cha mama hapigi simu kusema amelazwa. Hasemi kwamba mwenye nyumba amemtolea vitu nje, wala kwamba hii ni wiki ya tatu hapati usingizi. Anasema, "Niko poa, msiwe na wasiwasi." Nyumbani nako msiba unafichwa, eti asije akachanganyikiwa na mitihani. Pande mbili zinadanganyana kwa huruma hadi bando linaisha.

Mkoa wa Mara, ilipo Musoma, unaijua safari hii tangu zamani. Aprili 1949 mwalimu wa sekondari ya St Mary's, Tabora, mzaliwa wa Butiama, alipanda ndege Dar es Salaam kwenda Southampton, kisha akachukua treni hadi Edinburgh. Julius Nyerere alikuwa na miaka 27, na alibaki Scotland hadi alipohitimu shahada yake mwaka 1952. Kilichomtia mashaka kabla ya kuondoka hakikuwa baridi. Alikuwa na mama, Mgaya, na wadogo zake, na mshahara wake wa ualimu ndio uliokuwa ukiwasaidia. Akienda huko, hawa amwachie nani? Zaidi ya miaka 70 baadaye mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa bado anaondoka na swali hilo kifuani, na wakati mwingine analijibu kwa kufanya kazi za usiku kwenye ghala, kula mlo mmoja na kutuma nyumbani kinachobaki. Afya yake inaanzia hapo kuharibika, mbali kabisa na virusi na theluji.

Mwili nao una historia yake. Aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria ameogelea humo, amefua humo, amechota maji humo. Kichocho cha tumbo kinachopatikana kwenye mwambao huu kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya kimya, mayai ya minyoo yakiliharibu ini taratibu. Mganga wa zahanati ya Musoma Vijijini anakifikiria upesi, na dawa yake, prazikwanteli, wanafunzi wa shule za msingi hugawiwa darasani. Daktari wa Krakow au Winnipeg huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo tangu amalize chuo. Atapima vidonda vya tumbo, atapima kila kitu, na hatauliza kuhusu ziwa kwa sababu halijui.

Malaria ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu anaweza kuumwa na mbu Bugwema, akapanda ndege akiwa mzima, na homa ikamwangukia wiki kadhaa baadaye akiwa bwenini Ulaya katikati ya msimu wa mafua. Wenzake wote wana mafua, naye anaamini ana mafua. Malaria kali haisubiri. Mwanafunzi anayemwambia nesi mlangoni, kabla hata hajaulizwa, kwamba ametoka kwenye eneo la malaria, na kutaja tarehe aliyoondoka, anakuwa amefanya nusu ya kazi ya daktari.

Na mchezo huu wa malaria una kipindi cha pili. Kinga aliyoijenga kwa kuugua tangu utotoni hupungua akikaa miaka mitatu minne bila kuumwa na mbu wenye vimelea. Anarudi likizo, anacheka anapoandaliwa chandarua ("mimi mtoto wa hapa hapa"), na ndiye anayekimbizwa hospitali ya Musoma usiku.

Kwa mwenye selimundu hesabu ni kali zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo, na Kanda ya Ziwa ina sehemu yake kubwa. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu yake. Hiyo haina maana kwamba asiende. Watu wenye selimundu wanasoma na kufanya kazi katika nchi za baridi. Ila lile koti lisilo na vifungo halitoshi, na barua ya kliniki inayoeleza dawa anazotumia inapaswa kukaa kwenye begi la mkononi, isichanganywe na dagaa.

Halafu kuna giza. Desemba jua la Edinburgh huzama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, wakati Musoma linasubiri karibu saa moja. Mtu mweusi aliyezoea jua la ikweta anapungukiwa vitamini D, na zaidi ya hapo anaamka kwenye giza, anarudi kwenye giza, na haelewi kwa nini kila kitu kimekuwa kizito. Kiswahili kina neno lake, sonona, ingawa kwenye simu za nyumbani halitamkwi. Kinachotamkwa ni "kaza."

Bima ni somo ambalo wengi wanalifaulu kwenye makaratasi na kulifeli siku ya kuugua. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania anapimwa kwanza kifua kikuu, na pamoja na ada ya viza analipa tozo ya afya, ambayo kwa mwanafunzi tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka. Ni fedha nyingi. Ni ng'ombe hao. Inampa haki ya kutibiwa karibu sawa na mwenyeji, lakini lazima ajiandikishe kwa daktari wa mtaa anaoishi. Wapo wanaolipa yote, wasijiandikishe, wakaendelea kujitibu kwa Panadol ya shangazi hadi siku wanapobebwa. China nako mwanafunzi wa kigeni analipia bima, kwa miaka mingi imekuwa yuani 800 kwa mwaka, na wengi hawajui inalipia nini hadi wanapofika dirishani. Namba ya gari la wagonjwa huko ni 120. Uingereza ni 999, nchi nyingi za Ulaya ni 112. Ni vitarakimu vitatu tu, na bado mtu akibanwa na kifua usiku wa manane humpigia kwanza mjomba aliyeko Bunda.

Usalama wa barabarani na mitaani una hadithi chungu zaidi. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa Kizanzibari alipigwa hotelini Beijing, ugomvi ukiwa umeanzia kwenye sigara, na tukio hilo likawa miongoni mwa yaliyowafanya wanafunzi wengi wa Kiafrika waondoke China. Usiku wa Januari 31, 2016, huko Bengaluru, India, gari lililoendeshwa na mwanafunzi wa Sudan lilimgonga na kumuua mwanamke. Binti wa Kitanzania aliyefika eneo hilo baadaye, asiyehusika kwa lolote, alishambuliwa na kudhalilishwa na umati uliokuwa na hasira. Waziri wa mambo ya nje wa India wakati huo, Sushma Swaraj, alieleza kuumizwa na tukio hilo, na polisi wakakamata watuhumiwa. Kwa umati ule, Msudani na Mtanzania walikuwa kitu kimoja. Mwanafunzi anayekwenda nje anafundishwa kubeba pasipoti. Hakuna anayemfundisha kwamba kuna usiku ambao pasipoti haisomwi.

Miaka iliyofuata ilileta mitihani mikubwa kuliko ya mtaa mmoja. Wuhan ilipofungwa Januari 23, 2020, Watanzania zaidi ya 400, wengi wao wanafunzi, walikuwa ndani ya mji huo. Hawakuletewa ndege. Mji ulifunguliwa Aprili 8, baada ya siku 76. Kilichowashikilia ni makundi yao ya WeChat, uongozi wao wa wanafunzi, mawasiliano na ubalozi wa Beijing, na wenzao waliokuwa madaktari wakisomea shahada za juu, ambao walitafsiri matangazo na kutuliza uvumi. Kila mtu alijulikana yuko chumba gani. Jambo dogo hilo, kujulikana chumba, ndilo lililokosekana kwa wengi penginepo.

Februari 24, 2022 vita ilipoanza Ukraine, Watanzania waliokuwa wakisoma Sumy, karibu na mpaka wa Urusi, walinasa. Tanzania haina ubalozi Kyiv. Ukraine inahudumiwa kutoka Stockholm, Sweden. Wanafunzi wa kigeni wa Sumy walitoka Machi 8 kwa mabasi, njia salama ilipofunguliwa. Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, mji ambao Watanzania wengi walikuwa wakienda kusoma, na zaidi ya Watanzania 200, wengi wao wanafunzi, walisafirishwa kwa barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa nyumbani. Anayehamishwa namna hiyo ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha. Kujisajili ubalozini hakuchukui hata muda wa kupanga foleni ya mashine ya kusaga, lakini wengi hukumbuka kufanya hivyo siku mabomu yanaposikika.

Bugwema ina sababu yake ya kuifuatilia Israel. Ni bonde linalotajwa kila mara katika mipango ya kilimo cha umwagiliaji, maji ya ziwa yakiwa karibu na mashamba yakisubiri mvua, na kwa kijana mwenye stashahada ya kilimo, kujifunza kwa watu wanaolima jangwani ni ndoto inayoeleweka. Oktoba 2023 Watanzania wapatao 260 walikuwa Israel kwa mafunzo hayo. Clemence Mtenga, mwenye miaka 22, alikuwa Nir Oz. Joshua Mollel, mwenye miaka 21, alikuwa Nahal Oz, na alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu afike. Wote wawili waliuawa katika shambulio la Oktoba 7. Mtenga alizikwa Rombo mwaka huo huo. Familia ya Mollel iliambiwa Desemba kwamba mtoto wao amefariki, na mwili wake haukukabidhiwa hadi Novemba 2025. Hakuna begi wala bima ambayo ingewakinga vijana wale. Lakini swali la shamba liko umbali gani na mpaka, na kengele ya hatari ikilia watu wanakimbilia wapi, lina haki ya kuulizwa kwenye kikao kabla ng'ombe hawajapelekwa mnadani.

Hadithi ya Mtanzania Nemes Tarimo ni ngumu kuliko zote. Alikwenda Moscow mwaka 2020 kwa shahada ya uzamili. Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka saba, na akiwa gerezani akaahidiwa msamaha iwapo angejiunga na kundi la mamluki la Wagner. Ndugu aliowaeleza walimsihi asikubali. Aliuawa Ukraine Oktoba 24, 2022, na Januari iliyofuata Waziri wa Mambo ya Nje, Stergomena Tax, akalitangazia taifa. Tarimo alisema, aliongea na watu wake. Ila kauli ilifika wakati milango mingine yote ilikuwa imeshafungwa, naye yuko nyuma ya kuta ambazo ushauri wa ndugu hauwezi kuzivuka.

Serikali ina sehemu yake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayoweza kumwambia mzazi kama chuo kinachotangazwa na wakala kinatambulika. Mzazi wa Masinono au Muhoji, huko huko Bugwema, hahitaji kwenda Dar es Salaam kuuliza, simu inatosha. Wakala anayekasirika akiulizwa ameshajibu.

Mengine yote yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: anwani ya bweni na namba ya chumba, namba ya ubalozi, namba ya bima, namba ya gari la wagonjwa, jina la Mtanzania mmoja aliye mji ule, kundi la damu, dawa zinazomdhuru. Nakala mbili. Moja inasafiri, nyingine inabaki kabatini na hati ya shamba. Na kabla kikao hakijavunjika ipangwe saa ya simu, maana saa mbili usiku ya Bugwema ni saa saba usiku Wuhan, na mtu aliyeamshwa usingizini hujibu "niko poa" hata kama nyumba inaungua. Mzee atakaposimama kusema usituangushe, aongeze kwamba ukiumwa hujatuangusha, ng'ombe huzaa. Basi linaondoka alfajiri. Shangazi ametumwa dukani kutafuta vifungo viwili.