Kabla ya Kurukia Chuma, Anza na Mtungi wa Maji

Mtaani kwetu kuna bomba la chuma lililofungwa baina ya miarubaini miwili. Vijana walilifunga wenyewe miaka kadhaa iliyopita, na kila siku baada ya alasiri utawakuta wanne watano hapo wakipiga pulapu: wananing'inia, wanajivuta mpaka kidevu kipite juu ya bomba, wanashuka, wanapanda tena. Wapita njia husimama kutazama. Mara moja moja barobaro mmoja kati ya watazamaji hujitosa. Huruka, hulishika bomba, hupiga mateke hewani, uso unamuiva, mwili hausogei. Wenzake wanacheka, na yeye anacheka, anapangusa mikono kwenye suruali na kwenda zake. Hatumuoni tena.

Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa nina hakika nalo: wanaobaki pale ni wale waliofika wakiwa tayari wanaweza. Asiyeweza hana pa kuanzia. Mtu wa kilo 70 anayejivuta anainua karibu kilo zote hizo 70 kwa mikono miwili. Angeingia jimu siku ya kwanza, mwalimu asingethubutu kumwekea mzigo huo. Angempa kilo 15 au 20 avute, wiki ya pili aongeze kidogo, na wiki ya tatu kidogo tena. Bomba halina kilo 20. Linakutaka mwili mzima au likuache ulivyo.

Jimu zipo, lakini ada ya mwezi ni pesa ya unga na mafuta kwa nyumba nyingi. Na dada zetu wengi hawaziingii hata wakiwa na pesa, kwa kuwa ni ukumbi mmoja wanaume na wanawake. Mdogo wangu wa kike aliniuliza siku moja, nilipokuwa nikisifu lile bomba, "Na sisi tutaning'inia wapi, kaka, barabarani?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa.

Fikra yenyewe ya kupandisha mzigo hatua kwa hatua ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme aliwahudumia askari walioumia magoti katika hospitali moja ya jeshi mjini Chicago. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. Yeye aliwapa uzani mzito wauinue mara chache, akauongeza kila walipoumudu, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Misuli ilirudi haraka kuliko ilivyozoeleka. Kinachofanyika leo katika kila jimu duniani kinafuata njia hiyo. Swali ni jinsi ya kuifuata ukiwa uani kwako, bila vyuma.

Jibu liko jikoni. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Chupa ndogo ya nusu lita ni nusu kilo. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, ongeza kama kilo moja ya mtungi wenyewe. Hakuna mizani iliyo rahisi kuliko hiyo. Chukua mtungi mtupu, mimina maji kwa chupa ya lita moja ukihesabu, na kila ukifika lita tano piga mstari kwa kalamu ya wino mzito. Sasa una chombo cha kilo 5, 10, 15 na 20, na unaweza kuongeza nusu kilo ukitaka, jambo ambalo hata vyuma vya jimu nyingi haviwezi. Ukitaka uzani zaidi katika chombo kidogo, tumia mchanga mkavu: chupa ya lita moja ikijaa mchanga hufika kama kilo moja na nusu. Pakiti ya unga ni kilo mbili, na itarudi jikoni ikiwa salama usipoiangusha.

Zoezi la kwanza ni kuvuta mtungi. Weka mkono mmoja juu ya baraza au kiti kizito, inama mgongo ukiwa umenyooka, shika mtungi kwa mkono mwingine na uuvute kutoka chini mpaka ubavuni. Kiwiko kiende nyuma, kikipita karibu na mbavu. Ushushe polepole. Anza na lita zile ambazo unaweza kuzivuta mara nane ukabakisha nguvu ya mara mbili hivi. Fanya raundi tatu kila mkono, pumzika dakika mbili kati ya raundi. Ukiweza mara 12, ongeza lita moja na urudi mara nane. Wazee wetu walioteka maji kisimani kwa ndoo na kamba walikuwa wakifanya jambo la jinsi hii kila alfajiri bila kuliita zoezi, na ndiyo maana migongo yao ilikuwa vile.

Hatua ya pili ni kuuvuta mwili, ila sehemu yake tu. Chukua shuka imara isiyochakaa, funga fundo kubwa kwenye ncha moja, lipitishe fundo juu ya mlango na uufunge mlango ili fundo libaki upande wa pili. Uchague mlango wa mbao nzito, na usimame upande ambao ukivuta unaubana mlango kwenye fremu yake. Ukisimama upande mwingine utaufungua na kujiangusha kwa kisogo. Ufunge kwa ufunguo, umwambie kila aliye nyumbani. Kisha shika shuka kwa mikono miwili, egemea nyuma mwili ukiwa umenyooka kama ubao, na ujivute mpaka mikono ifike kifuani. Ukisimama mbali na mlango ni rahisi. Kadiri unavyosogeza miguu karibu na mlango, ndivyo mwili unavyolala na mzigo unavyoongezeka. Kila wiki sogea upana wa kigae kimoja. Vigae vya sakafuni ndivyo kipimo chako.

Sasa tuje kwenye hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ambayo vijana wa kwenye bomba hawaifanyi kwa sababu haivutii macho. Nayo ni kushuka.

Msuli una nguvu zaidi unaporefuka chini ya mzigo kuliko unapojikunja kuuinua. Ndiyo maana mtu anaweza kuteremsha gunia polepole kutoka begani, gunia ambalo asingeweza kulipandisha peke yake. Basi tumia nguvu hiyo. Weka kigoda au kiti chini ya boriti, bomba au tawi, panda mpaka kidevu kiwe juu tayari, shika kwa viganja vikikuelekea uso (hivyo ni rahisi kidogo, maana misuli ya mbele ya mkono inasaidia zaidi), kisha inua miguu na ushuke polepole. Hesabu moja, mbili, tatu. Siku za mwanzo utaporomoka kabla ya tatu. Usijali. Panda tena kwa miguu, si kwa mikono, na ushuke tena. Mara tatu hadi tano zinatosha kwa siku. Ukifika mahali unaposhuka kwa hesabu ya kumi bila kuporomoka, na ukarudia mara tano, pulapu yako ya kwanza iko karibu.

Lakini hapa niwaonye kwa yaliyonipata. Nilipoanza kushuka hivi niliona matokeo baada ya wiki mbili tu, nikapandwa na tamaa, nikafanya kila siku, asubuhi na jioni. Wiki ya tano kiwiko cha kulia kikaanza kuuma upande wa ndani. Nikaendelea. Wiki ya saba sikuweza kuinua birika la chai. Nilikaa zaidi ya miezi miwili bila kushika chochote kizito, na yote niliyoyajenga yakapungua. Baadaye ndipo nilipoelewa. Nguvu ya wiki za mwanzo inatokana zaidi na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli iliyokuwapo. Msuli wenyewe hufuata, na kano zinazoushikiza kwenye mfupa huja nyuma kabisa. Kwa hivyo unajiona una nguvu wakati kano bado hazijawa tayari. Kushuka polepole huleta maumivu ya misuli yanayozidi siku ya pili, na hayo ni ya kawaida, yanaisha. Maumivu ya kiungo, yaani kiwiko, bega au goti, yanayorudi kila unapofanya zoezi, si ya kawaida. Hayo yanataka upunguze mara moja, na yakiendelea umwone daktari.

Kwa hivyo siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika kati yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Tatu zinatosha kabisa. Huku kwetu joto nalo si la kupuuzwa: fanya baada ya alfajiri au jua likishapoa.

Neno moja kuhusu pa kuning'inia. Boriti za nyumba za kale ni mikoko, na mkoko mzima hubeba mtu bila shida, lakini nyingi zimeliwa na mchwa ndani huku nje zinang'aa. Igonge kwa nyundo. Ikilia kama ngoma tupu, iache. Bomba la maji lililopigiliwa ukutani halikuwekwa kwa ajili yako. Na milingoti ya goli isiyochimbiwa ardhini hupinduka ikavunja watu. Usiiguse, na uwakataze watoto. Kabla ya kuning'inia kwa uzani wote, popote pale, ning'inia kwanza huku miguu ikigusa chini.

Kwa pushapu sina mengi, kwa sababu nyumba ya Kiswahili imejengwa kana kwamba aliyeichora alikuwa mwalimu wa mazoezi. Anza ukutani, mikono imeegemea ukuta. Kisha weka mikono kwenye baraza. Kisha kidato cha pili cha ngazi, kidato cha kwanza, halafu sakafuni. Ukizimudu 20 sakafuni, weka miguu juu ya baraza na mikono chini. Baada ya hapo vaa begi la shule lenye chupa za maji. Wanaotaka kufika kwenye pushapu ya mkono mmoja watapita ngazi hiyo hiyo tena tangu ukutani, kwa mkono mmoja.

Zoezi la miguu ndilo ninalotaka wazee wetu walisome, hata kama kilele chake, kuchuchumaa na kuinuka kwa mguu mmoja, si chao. Mama yangu ana miaka 68. Mwaka juzi alianza kukataa kuketi mkekani kwenye shughuli. Alisema mkeka una baridi. Ukweli ni kwamba alikuwa hawezi kuinuka bila kuvutwa mikono na watu wawili, na aliona haya. Kuketi mkekani na wenzako, arusini na matangani, si jambo dogo kwa mwanamke wa makamo yake. Akikosa hapo amekosa nusu ya jamii yake.

Tulianza na kitanda. Akae ukingoni, ainuke bila kutumia mikono, akae polepole, mara tano. Kitanda kikawa rahisi, tukaenda kwenye kiti, kisha kiti kifupi, kisha kigoda kilichowekewa mito miwili. Kila baada ya wiki mbili tatu tunapunguza mto. Leso iliyofungwa kwenye nondo za dirisha iko mbele yake aishike anapoyumba. Mwongozo ule ule wa 2020 unawashauri waliofika miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku tatu kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowamaliza.

Kijana anayetaka mguu mmoja afuate ngazi hiyo hiyo: kitanda, kiti, kigoda, mwishowe sakafu, kwa mguu mmoja huku mwingine umenyooshwa mbele. Kama kisigino kinainuka, weka ubao mwembamba chini yake. Waliokulia kwenye vyoo vya kuchuchumaa mara nyingi hawana tatizo hilo. Vifundo vyao vimeshazoea. Na kuna hila moja inayowashangaza watu. Shika pakiti ya unga kwa mikono miwili, uinyooshe mbele ya kifua unaposhuka. Umeongeza kilo mbili, lakini zoezi linakuwa rahisi, kwa sababu uzani ule wa mbele unakuzuia usianguke kwa nyuma.

Mdogo wangu alianza na lita tano uani kwake, mwezi wa pili, milango imefungwa na redio imewashwa. Mwezi wa nane alikuwa akivuta lita 17 kila mkono na akishuka kwenye boriti kwa hesabu ya nane. Pulapu ya kwanza aliipiga mwezi wa kumi, hakuna aliyeiona isipokuwa bintiye wa miaka sita, ambaye sasa anataka mtungi wake mwenyewe. Tumempa chupa mbili za nusu lita. Mama naye amebakisha mto mmoja juu ya kigoda.